Jinsi virusi vya Ukimwi vinavyotumia kiunzi cha seli kuiteka kinga ya mwili

KATIKA hospitali za Temeke, Mwananyamala na Amana, na katika vituo vya afya vilivyotapakaa kuanzia Mbagala hadi Bunju, hakuna neno la kitabibu ambalo watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi (VVU) wamelizoea kama CD4.

Serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya Ukimwi (ARV) mwaka 2004, hesabu ya CD4 iliandikwa kwenye kadi ya kliniki na wengi waliikariri kama wanavyokariri namba ya simu. Aliyekuwa na hesabu iliyo chini ya 200, au aliyekwisha kuugua sana, alianzishiwa dawa. Mwenye hesabu kubwa zaidi aliambiwa asubiri.

Utaratibu huo ulibadilika kwa awamu hadi mwaka 2016, Tanzania ilipoanza kumpa dawa kila anayegundulika kuwa na VVU bila kujali hesabu hiyo. Siku hizi kipimo kinachotazamwa zaidi ni wingi wa virusi katika damu.

Hata hivyo, lipo swali moja ambalo kadi ya kliniki haikuwahi kulijibu. CD4 ni seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuulinda mwili dhidi ya wavamizi. Inakuwaje mvamizi akamwingilia mlinzi mwenyewe, akamfanya kuwa nyumba yake na mahali pa kuzaliana?

Jibu limepatikana hatua kwa hatua katika maabara za utafiti, hasa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. VVU havina misuli, havina miguu wala nguvu ya kujiendesha. Vinachofanya ni kuishawishi seli itumie mihimili na njia zake yenyewe kuvipokea, kuvisafirisha na hatimaye kuvipeleka kwa seli jirani. Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako, na katika ugonjwa huu maneno hayo ni kweli tupu.

Mihimili isiyotulia

Seli ya mwanadamu si kifuko cha maji. Ndani yake mna mtandao wa nyuzi za protini unaoipa umbo, unaoizuia isisinyae na unaoiwezesha kutembea. Wanasayansi huuita mtandao huo kiunzi cha seli.

Mafundi wanaojenga nyumba Tegeta au Chamazi hufunga jukwaa la mirunda, wakasimama juu yake kwa muda, kisha wakalifungua na kulihamishia ukuta mwingine. Kiunzi cha seli kinafanana zaidi na jukwaa hilo kuliko na mifupa ya binadamu, kwa sababu hufungwa na kufunguliwa wakati wote, mara nyingine ndani ya sekunde chache.

Nyuzi zinazounda kiunzi hicho ni za aina tatu. Ya kwanza ni aktini, nyuzi nyembamba zenye unene wa nanomita saba hivi. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Aktini hujipanga kwa wingi chini ya utando wa nje wa seli, mithili ya fito zilizosukwa nyuma ya udongo wa ukuta.

Aina ya pili ni vijibomba vyenye upana wa nanomita 25 hivi, vinavyotandazwa kutoka karibu na kiini cha seli kuelekea pembezoni. Hivi ndivyo reli za seli. Juu yake hupita protini zinazobeba mizigo. Protini iitwayo daineni hubeba mizigo kuelekea katikati ya seli, na jamii ya protini ziitwazo kinesini, kwa kawaida, huipeleka upande wa nje.

Aina ya tatu ni nyuzi za kati, ambazo kazi yake kubwa ni kuipa seli uimara isichanike inapovutwa.

Seli za kinga hukitegemea kiunzi hiki kuliko seli nyingi nyingine. Seli ya CD4 haikai mahali pamoja. Husafiri katika damu, hujipenyeza katika kuta za mishipa, huingia katika tezi za limfu na hukagua seli nyingine kwa kuzigusa. Kila tendo kati ya hayo huhitaji aktini ifungwe upande mmoja na kufunguliwa upande mwingine.

Hapo ndipo VVU vilipopata mwanya.

Kengele ya mlangoni

Kirusi kimoja cha Ukimwi kina kipenyo cha nanomita 120 hivi. Seli ya CD4 iliyo katika mapumziko ina kipenyo kinachokikaribia mara 60 kile cha kirusi. Ni sawa na mpira wa tenisi uliowekwa pembeni ya chumba kimoja cha kulala.

Mwaka 1984, mwaka mmoja baada ya watafiti wa Taasisi ya Pasteur ya Paris, wakiwamo Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, kukitenga kirusi hicho, ilibainika kuwa hujishikiza kwenye protini iliyo juu ya seli, ambayo ndiyo inayoitwa CD4. Seli hizo zimepata jina lake la mazoea kutokana na protini hiyo.

Lakini CD4 peke yake haikutosha kueleza mambo. Mwaka 1996 watafiti waligundua kuwa kirusi huhitaji kipokezi cha pili, ama kile kiitwacho CCR5 au kingine kiitwacho CXCR4. Virusi vingi vinavyoambukizwa kutoka mtu mmoja hadi mwingine hutumia CCR5. Vile vinavyotumia CXCR4 huonekana zaidi ugonjwa unapokuwa umekomaa, ingawa si kwa kila mgonjwa.

Umuhimu wa ugunduzi huo huonekana mtu anapouliza vipokezi hivyo viliwekwa pale kwa kazi gani. Havikuwekwa kwa ajili ya kirusi. Kazi yake ni kupokea wito. Sehemu ya mwili inapoumia au kushambuliwa na vijidudu, hutoa protini ndogo ziitwazo kemokini. Protini hizo zikigusa CCR5 au CXCR4, seli ya kinga hupata amri ya kuondoka ilipo na kwenda inakohitajika, na ili itembee hulazimika kuipanga upya aktini yake.

Kwa maneno mengine, vipokezi hivyo ni kengele iliyounganishwa moja kwa moja na kiunzi cha seli. Kirusi kinapojishikiza hapo, hakipati tu mahali pa kuning'inia. Kinaibonyeza kengele, nayo seli huitikia kana kwamba imeitwa kazini.

Matokeo ya kwanza huonekana juu ya utando. Ili kirusi kiweze kuunganisha utando wake na ule wa seli, huhitaji vipokezi kadhaa vya CD4 na vya pili vikusanyike mahali pamoja. Aktini iliyo chini ya utando ndiyo inayovivuta. Mwaka 2007 ilithibitishwa kuwa protini iitwayo filamini, ambayo huzifunga nyuzi za aktini pamoja, huvishikilia vipokezi hivyo na kusaidia kuvikusanya. Katika maabara, seli ambazo aktini yake imegandishwa kwa kemikali huambukizwa kwa shida zaidi.

Ukuta wa pili na mkasi wake

Kuingia ndani ya utando si mwisho wa safari. Seli nyingi za CD4 katika damu huwa katika mapumziko, zikisubiri adui zinayemfahamu. Katika seli hizo aktini iliyo chini ya utando hukaa imetulia, ikiwa kizuizi cha pili baada ya ule mlango wa nje.

Kwa muda mrefu watafiti walijua kwamba seli zilizo katika mapumziko huambukizwa kwa shida, lakini walijua pia kwamba katika mwili wa mgonjwa baadhi yake huambukizwa. Ilikuwa vigumu kueleza kirusi kilikipitaje kizuizi hicho.

Septemba 2008, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha George Mason katika jimbo la Virginia, Marekani, likiongozwa na Yuntao Wu, lilichapisha maelezo katika jarida la Cell. Walionyesha kuwa kirusi kinapogusa kipokezi cha CXCR4, ishara inayopita humo huiamsha protini iitwayo kofilini.

Kofilini ni mkasi wa seli. Hukata nyuzi za aktini ili vipande vyake vitumike kujenga nyuzi mpya mahali pengine. Seli huihitaji kila inapotaka kutembea. Kirusi huiamsha kwa faida yake, nyuzi zilizotulia zikaanza kukatwa na kusogea, na mzigo wake wa vinasaba ukapata njia ya kuelekea ndani.

Kundi hilo liliripoti mwaka huohuo kwamba seli za CD4 zilizo katika mapumziko, zilizochukuliwa kutoka kwa watu wenye VVU, zilikuwa na kofilini iliyoamshwa kwa kiwango kikubwa kuliko seli za watu wasio na maambukizi. Utafiti huo wa pili ulikuwa mdogo na wa majaribio, lakini ulionyesha kuwa jambo lililoonekana katika vyombo vya maabara linaweza kuwa linatokea pia ndani ya damu ya wagonjwa.

Safari ya kwenda kwenye kiini

Baada ya kupita ukuta wa aktini, kirusi huhitaji kufika kwenye kiini cha seli, mahali zilipohifadhiwa DNA za mwenye seli. Kwa kitu kidogo kisichoweza kujiendesha, mwendo huo ni mrefu. Majimaji ya ndani ya seli ni mazito na yamejaa protini, hivyo kukisukuma kitu chenye ukubwa wa kirusi bila chombo cha kukibeba kungechukua muda mwingi.

Mwaka 2002 watafiti wa Chicago, akiwamo Thomas Hope, walivitia virusi rangi inayong'aa na kuvitazama kwa darubini ndani ya seli zilizo hai. Waliona vikisafiri kwa kufuata mstari wa vijibomba vya kiunzi kuelekea kwenye kiini. Kirusi kilikuwa kimedandia daineni, chombo ambacho seli hukitumia kubebea mizigo yake halali.

Kinachobebwa ni ganda la protini lenye umbo la pia, lililojengwa kwa vipande vya protini vipatavyo 1,500. Ndani ya ganda hilo mna vinasaba vya kirusi vya aina ya RNA, pamoja na vimeng'enya vya kuvigeuza kuwa DNA.

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kuwa ganda hilo huvunjika punde tu linapoingia ndani ya seli. Maelezo hayo yamerekebishwa. Mwaka 2021 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha picha za darubini ya elektroni zinazoonyesha ganda likipita likiwa zima katika matundu ya kiini. Ni kama lori la mizigo linalopita getini bila kufunguliwa turubai, huku walinzi wa ndani ya seli ambao wangeitambua RNA ya kigeni wakikosa nafasi ya kuiona.

Likishafika ndani, vinasaba vya kirusi huunganishwa na DNA ya seli. Kuanzia hapo seli haina tena namna ya kuvitofautisha na vya kwake. Kila inapogawanyika, hurithisha maambukizi hayo kwa seli zinazozaliwa.

Kutoka seli moja hadi jirani

Kiunzi hutumika pia wakati wa kutoka. Ilidhaniwa zamani kwamba virusi vipya huachiwa katika damu na kuelea hadi vikutane na seli nyingine kwa bahati. Hilo hutokea, lakini ipo njia ya mkato.

Mwaka 2003 watafiti walieleza jinsi kirusi kingine kinachoshambulia seli za kinga, HTLV-1, kinavyoifanya seli iliyoambukizwa igandamane na jirani yake na kugeuza vijibomba vyake kuelekea kwenye mgusano huo. Mwaka uliofuata iliripotiwa kuwa VVU hufanya jambo linalofanana na hilo, na kwamba aktini ndiyo inayokusanya vipokezi upande wa seli inayopokea. Mwaka 2008 ikaonekana pia kwamba virusi vinaweza kupita juu ya nyuzi ndefu za utando zinazoziunganisha seli mbili zilizoachana.

Njia hii ina madhara mawili. Kwanza, virusi vingi huingia katika seli moja kwa mkupuo. Pili, kingamwili zinazoelea katika damu hupata shida kuvifikia vikiwa vimebanwa kati ya seli mbili.

Halafu lipo jambo la ajabu zaidi. Seli ikishaambukizwa, kirusi huitengeneza protini yake iitwayo Nef, ambayo huizima ile kofilini iliyoamshwa wakati wa kuingia. Matokeo yake seli iliyotekwa hupungukiwa na uwezo wa kutembea na kukagua wenzake. Mlinzi hubaki hai kwa muda, lakini hafanyi tena doria.

VVU si peke yake vyenye tabia ya kutumia kiunzi. Virusi vya malengelenge husafiri juu ya vijibomba hivyohivyo ndani ya mishipa ya fahamu. Kirusi kinachotumika katika chanjo ya ndui huitumia aktini kujisukuma kutoka seli moja hadi nyingine. Virusi vya dengi, ambavyo mwaka 2014 viliwaugua wakazi wengi wa Dar es Salaam, hasa wa Kinondoni, navyo hupenda seli za kinga zinazomeza vijidudu, na husafirishwa ndani yake kwa njia za kiunzi. Tofauti ni kwamba dengi huondoka mwilini baada ya siku chache kwa wanaopona. VVU hukaa.

Kwa nini dawa haipaswi kuachwa

Kutokana na maelezo haya mtu anaweza kuuliza kwa nini madaktari wasitoe dawa ya kukigandisha kiunzi cha seli ili kirusi kikose njia.

Dawa za namna hiyo zipo, lakini hutibu maradhi mengine. Vincristine na paclitaxel, zinazotumika kutibu saratani mbalimbali ikiwamo ile ya Kaposi inayowapata baadhi ya wenye VVU, hufanya kazi kwa kuvivuruga vijibomba vya kiunzi ili seli za saratani zishindwe kugawanyika. Wagonjwa wanaozitumia wanayafahamu madhara yake: nywele kunyonyoka kwa baadhi yao, ganzi na maumivu katika vidole vya mikono na miguu. Kiunzi ni mali ya kila seli ya mwili, hivyo hakiwezi kuzuiwa maisha yote kwa ajili ya kirusi.

Kwa sababu hiyo dawa zinazotumika huvilenga virusi vyenyewe. Kidonge kimoja cha kila siku ambacho wagonjwa wengi nchini hupewa kina tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mbili za kwanza hukizuia kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA. Ya tatu hukizuia kile kinachoiunganisha DNA hiyo na ile ya seli. Maana yake kirusi kinaweza kupita mlangoni na hata kusafiri juu ya reli za seli, lakini kazi yake hukwama kabla ya kutia sahihi ndani ya kiini.

Hapo ndipo ulipo ugumu ambao kila mgonjwa anapaswa kuuelewa. Dawa huzuia seli mpya zisiambukizwe. Hazivitoi vinasaba vya kirusi ambavyo vilikwisha kuunganishwa na DNA katika seli zilizorudi kwenye mapumziko. Seli hizo hukaa kimya katika tezi na katika utumbo kwa miaka mingi. Hazitoi virusi, hivyo kipimo hakivioni, na mgonjwa huambiwa kuwa virusi vyake havionekani.

Kutoonekana si kuisha. Anayeacha dawa, kwa kawaida virusi vyake hurudi katika damu ndani ya wiki chache.

Nchi ilipata somo hilo kwa uchungu mwaka 2011, maelfu ya watu kutoka Dar es Salaam na kwingineko walipofunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kwa Sh500. Wataalamu wa afya walilazimika kuwaonya wenye VVU wasiache ARV. Mtu aliyekuwa akimeza dawa vizuri angeweza kupima siku chache baada ya safari, akakuta virusi havionekani, akaamini kuwa amepona. Kumbe aliyefanya kazi hiyo ni kidonge alichokuwa amekimeza miezi yote iliyotangulia.

Upande wa pili wa habari hii ni wa faraja. Tafiti kubwa zimethibitisha kuwa mtu ambaye virusi vyake havionekani kwa sababu anameza dawa kila siku hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono.

Dawa inayolenga ganda

Maarifa kuhusu safari ya kirusi ndani ya seli yameanza kuzaa matunda nje ya maabara. Mwaka 2007 ilipitishwa nchini Marekani dawa ya maraviroc, inayoziba kipokezi cha CCR5 ili kengele isibonyezwe.

Iliyovuta macho ya wengi zaidi ni lenacapavir. Dawa hii hujibana katika maungio ya lile ganda lenye umbo la pia. Ganda huharibika mpangilio wake na hushindwa kushikana na protini za seli ambazo hulisaidia kuingia ndani ya kiini. Huvuruga pia utengenezaji wa maganda mapya. Kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu, hutolewa kwa sindano mara mbili tu kwa mwaka.

Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya kinga yaliyofanyika Afrika Kusini na Uganda, ambayo yaliwahusisha wasichana na wanawake vijana zaidi ya 5,000. Kati ya 2,134 waliochomwa sindano ya lenacapavir, hakuna hata mmoja aliyepata maambukizi. Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha itumike kwa kinga, na mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipendekeza.

Dawa hiyo si chanjo wala si tiba ya kuponya. Huwakinga wasio na maambukizi kwa muda wote wanaoendelea kuchomwa.

Kuhusu chanjo, Dar es Salaam ina historia yake. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), kwa kushirikiana na watafiti wa Sweden, kilianza majaribio ya chanjo yaliyojulikana kama HIVIS kwa watu 60 waliojitolea, wengi wao wakiwa askari polisi wa jiji hilo. Chanjo ilionekana kuwa salama na iliuamsha mwili kujibu, lakini majaribio hayo hayakuwa makubwa kiasi cha kuonyesha kama inakinga.

Baadaye yalifuata majaribio ya TaMoVac kwa ushirikiano na Msumbiji, kisha PrEPVacc, ambayo yaliendeshwa Tanzania, Uganda na Afrika Kusini kuanzia mwaka 2020. Uchanjaji katika PrEPVacc ulisimamishwa Novemba 2023 baada ya kuonekana kuwa chanjo hizo hazingeweza kuzuia maambukizi.

Tabia ya kirusi ndani ya seli inasaidia kueleza kwa nini kazi hiyo ni ngumu. Chanjo nyingi huufundisha mwili kutengeneza kingamwili za kumkamata mvamizi akiwa nje. VVU hubadilisha sura yake ya nje mara kwa mara, hupita kati ya seli zilizogandamana, na baada ya muda mfupi hujificha ndani ya DNA. Na seli ambazo chanjo huziamsha ili zisaidie kupigana ni zilezile ambazo kirusi huzitafuta.

Hali ilivyo nchini

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Desemba 1999 Rais Benjamin Mkapa aliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa, na Julai 14, 2007, Rais Jakaya Kikwete alizindua kampeni ya upimaji wa hiari katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kwa kupima yeye na mkewe, Mama Salma.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wana VVU, na kwamba watu wazima wapatao 60,000 huambukizwa kila mwaka. Wanawake ni asilimia 5.6 na wanaume asilimia 3.0.

Katika utafiti huohuo, kati ya wanaojua kuwa wana maambukizi, karibu wote walikuwa wakitumia dawa, na zaidi ya asilimia 94 ya wanaotumia dawa walikuwa wamevidhibiti virusi. Pengo kubwa lipo mwanzoni mwa safari: takriban mtu mmoja kati ya sita wenye VVU hakuwa akijua hali yake.

Kwa watu hao, yote yaliyoelezwa hapa yanaendelea bila kizuizi. Kila siku ipitayo kabla ya kupima, seli nyingine za CD4 huitikia kengele isiyo ya kwao, hukata nyuzi zao wenyewe na kukibeba kirusi hadi kwenye kiini, na baadhi yake hurudi kulala zikiwa na maambukizi ambayo dawa iliyopo haiwezi kuyatoa. Anayepima mapema na kuanza dawa mapema huingia katika matibabu akiwa na seli chache za namna hiyo.

Kipimo cha VVU hutolewa bila malipo katika hospitali na vituo vya afya vya umma, na majibu hupatikana siku hiyohiyo.